Likizo Dodoma: usilipie jimu kabla hujafungua bomba

Wewe uliyezoea kukatwa hela kwenye kadi kila mwezi kwa jimu usiyokanyaga, Dodoma utapumua. Jimu nyingi za mtaani zinakubali ulipe kwa siku au kwa mwezi, taslimu au kwa simu. Likizo ya wiki tatu usilipie miezi mitatu eti kuna punguzo. Mimi nililipa hivyo, wiki ya pili mashine ya kukimbilia ikafa, na hela haikurudi. Babu wa mashine hiyo ni gurudumu alilobuni mhandisi William Cubitt huko Uingereza mwaka 1818, la kuwatumikisha wafungwa. Kumbe nililipia adhabu, na hata yenyewe sikuipata!

Nenda kukagua saa zilezile utakazofanyia tizi. Jioni, watu wakishatoka kazini, benchi moja linagombewa na wanne. Uliza kama kuna jenereta, kisha ingia bafuni ufungue bomba. Maji Dodoma hukatika, na ya kisima mengine yana chumvi, sabuni haitoi povu. Ukitaka bwawa la kuogelea, ulizia hotelini.

Vyuma navyo vitazame vizuri. Vingine vimeandikwa pauni, vingine kilo: sahani ya pauni 45 ni kama kilo 20. Uswahilini utakuta bomba lenye kopo la rangi lililojazwa zege kila upande, halina namba yoyote. Linyanyue kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Mara nyingi kopo moja limemzidi mwenzake, na bega lako ndilo litakalogundua. Kocha wa hapo muite mwalimu, atakuelekeza bila hiyana.

Dada zangu, ulizeni kama kuna saa za wanawake, na kanga ya kujitupia njiani isikose kwenye begi.

Usipopenda kuta, kimbia alfajiri. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa ni kavu, hivyo siku za mwanzo koo litakauka upesi, beba maji. Kuanzia Juni asubuhi kuna baridi, na mchana upepo unakuja na vumbi lake. Jumamosi ukisikia filimbi na nyimbo barabarani, hao ni watu wa jogging. Vaa raba, omba ruhusa kwa anayeongoza, shika nafasi ya nyuma na uitikie kama enzi za mchakamchaka shuleni.