Namna ya Kutengeneza Seli ya Jua kwa Rangi ya Zabibu za Dodoma

Zabibu nyekundu zinazolimwa Dodoma zina anthosianini, rangi inayonasa mwanga na kuachia elektroni, na kwa hiyo zinafaa kujifunzia seli ya jua (kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme) ya aina ambayo wanasayansi Brian O'Regan na Michael Grätzel waliieleza mwaka 1991.

Tafuta vioo viwili vyenye tabaka la oksidi ya bati linalopitisha umeme, kisha uhakikishe kwa multimita (kipima umeme) ni upande upi unaopitisha, kwani ukikosea hapa kazi yote itaharibika. Saga unga wa titani dioksidi ukiongeza siki kidogo kidogo hadi upate uji laini, uupake kwa wembamba kwenye upande unaopitisha umeme wa kioo kimoja, ukichome katika tanuri kwa nyuzi 450 za Selsiasi kwa dakika 30 ili chembe zishikamane, halafu ukiache kipoe taratibu kisije kikapasuka. Jiko la mkaa silishauri, kwa sababu joto lake halidhibitiki.

Ponda maganda ya zabibu, chuja, na uloweke kioo hicho hadi tabaka jeupe ligeuke zambarau. Kioo cha pili kipake masizi ya mshumaa, nacho upande unaopitisha umeme. Vibane pande zilizopakwa zikitazamana, kisha udondoshee kati yake kimiminika chenye iyodini na iyodidi ya potasiamu.

Juani seli hutoa sehemu tu ya volti moja, na ufanisi wake mara nyingi haufiki asilimia 1. Umeme ukififia mapema, usiilaumu rangi kwanza: katika hewa kavu ya Dodoma, chunguza kama kimiminika kimekauka, na uzibe kingo kwa gundi.