Jinsi ya kuzipa silaha na deraya uhalisia katika mchezo wa njozi za Zama za Kati

Mwongozo huu ni wa mchezeshaji, yaani yule anayetunga ulimwengu na kuamua kilichotokea baada ya dadu kutupwa. Majoka na wachawi hawanisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni upanga unaopasua bamba la chuma kama papai, maana hapo deraya hubaki pambo na mchezaji hana tena sababu ya kufikiri.

Hatua ya 1: Chagua mwaka na mahali. Zama za Kati ni karibu miaka elfu. Shujaa wa vita vya Hastings, Uingereza, mwaka 1066 alivaa dirii ya pete za chuma. Mwenzake wa vita vya Agincourt, Ufaransa, mwaka 1415 alifunikwa mabamba karibu mwili mzima. Mimi hupenda Ulaya ya karne ya 15, kwa sababu mabingwa wa wakati huo, kama Fiore dei Liberi wa Italia, walituachia vitabu vyenye michoro ya mapigano.

Hatua ya 2: Mvishe mhusika kuanzia ndani. Kwanza koti nene la kitani, lililoshonwa tabaka juu ya tabaka. Michezo mingi hulisahau, ilhali ndilo linalopunguza kishindo cha pigo, na askari wengi wasio na uwezo walilitegemea hilo hilo. Kisha pete, kisha mabamba.

Hatua ya 3: Sahihisha uzito. Upanga mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili mara nyingi una kilo moja na nusu hivi, si kilo tano. Deraya kamili ya vita ni kilo 20 hadi 25, tena zimegawanywa mwili mzima. Aliyezoea alikimbia na kupanda farasi mwenyewe. Usimnyang'anye wepesi. Mpunguzie pumzi, na akifunga chapeo, mpunguzie uwezo wa kuona.

Hatua ya 4: Uliza pigo limekutana na nini. Hapa ndipo penye utamu wote. Makali yakigonga bamba huteleza. Yakigonga pete hayakati, lakini mfupa wa chini yake unaweza kuvunjika. Kwa hiyo mshambuliaji hutafuta upenyo: kwapa, kinena, nyuma ya goti, tundu za macho. Hushika upanga katikati ya ubapa wake na kuuchoma kwa nguvu, au huugeuza na kupiga kwa kitako. Au humkaba adui, humwangusha, kisha huchomoa jambia.

Kanuni yangu: dhidi ya mabamba, mchezaji ataje upenyo kabla ya kutupa dadu. Dadu ya kwanza huamua kama amegusa, ya pili kama amefika kwenye upenyo huo. Ya pili iwe ngumu sana, isipokuwa adui ameshikwa au yuko chini.

Asiye na kinga ya miguu apigwe miguu. Makaburi ya halaiki ya Visby, Uswidi, ya vita vya mwaka 1361, yana mifupa mingi yenye majeraha chini ya goti.

Hatua ya 5: Rudisha heshima ya mkuki. Ni rahisi kuutengeneza na unafika mbali; upanga ni wa kiunoni, wa akiba.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kuwaita wachezaji. Pambanisha upanga na mabamba, wote wawili wakiwa wamesimama. Upanga ukishinda upesi, ongeza ugumu wa dadu ya pili, urudie.