Somo: Kupandisha mradi wako GitHub bila kumwaga siri za wateja

Wanakikundi, hamjambo. Wengi mmeuliza namna ya kuutoa mradi kwenye laptopu na kuuweka GitHub, ili hata mashine ikiungua kazi ibaki salama. Natumia mfano wa programu ya Django (zana ya Python ya kujengea tovuti) ya kuandika manunuzi ya dagaa pale Kibirizi, Kigoma: nani kaleta ndoo ngapi, nani anadai kiasi gani, na namba yake ya simu. Nimeuchagua makusudi, kwa sababu ndani yake mna mambo ya watu ambayo si ya kutoka nje.

Git ni programu inayokaa kwenye mashine yako na kutunza kumbukumbu ya kila badiliko; Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005. GitHub ni mahali pa mtandaoni pa kuziweka kumbukumbu hizo. Kwa hiyo ukishasakinisha Git, kazi nyingi hapa haili bando hata kidogo.

Hatua ya 1. Fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) na ujitambulishe kwa Git, mara moja tu kwa kila mashine:

`git config --global user.name "Jina lako"`
`git config --global user.email "barua pepe yako"`

Kisha ingia kwenye folda ya mradi, andika `git init`.

Hatua ya 2. Hapa naomba msiharakishe. Kabla ya kuongeza faili lolote, tengeneza faili liitwalo `.gitignore`, likianza na nukta, na ndani yake andika:

`venv/`
`__pycache__/`
`.env`
`db.sqlite3`

Folda ya `venv` imejaa maktaba za Python ambazo yeyote anaweza kuzipakua upya, na ndiyo inayomaliza bando. Badala yake andika `pip freeze > requirements.txt`, orodha ya maktaba itatosha. Lakini la kuogopesha zaidi ni `db.sqlite3`. Humo ndimo yalimo majina ya akina mama wa Kibirizi, simu zao na madeni yao. Walikupa wewe, hawakuupa ulimwengu. Fungua pia `settings.py`: ile `SECRET_KEY`, yaani ufunguo wa siri wa programu, ihamishie kwenye `.env`, faili la kutunzia siri, na hakikisha programu inaisoma kutoka huko.

Hatua ya 3. `git add .` halafu `git status`. Soma orodha yote kwa macho yako, jina kwa jina. Ukiona `db.sqlite3` imo, simama: litoe kwa `git rm --cached db.sqlite3`, kisha rekebisha `.gitignore`. Faili lenyewe litabaki kwenye mashine. Orodha ikiwa safi, komiti, yaani weka mabadiliko hayo kwenye kumbukumbu ya Git:

`git commit -m "Mwanzo wa mradi wa dagaa"`

Hatua ya 4. Fungua repo (hifadhi ya mradi) mpya GitHub. Chagua Private, yaani ya faragha, hailipiwi. Usiweke alama kwenye README (faili la maelezo ya mradi) wala kitu kingine, repo ianze tupu. Nakili anwani yake, kisha:

`git branch -M main`
`git remote add origin anwani-ya-repo`
`git push -u origin main`

Amri ya mwisho ndiyo inayopandisha. Siku nyingine ukibadilisha kitu ni `git add`, `git commit`, `git push`, na yatapanda mabadiliko tu, si mradi mzima.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, naweka nywila yangu sahihi kabisa lakini inakataa. Natumia Ubuntu. (Ujiji)*

Nywila ya akaunti ya GitHub haikubaliwi tena kwenye kupushi (kupandisha kwa `git push`) tangu Agosti 13, 2021. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya Developer settings, utengeneze tokeni (msimbo wa siri unaotumika badala ya nywila), uipe ruhusa ya repo, kisha uibandike pale panapoombwa nywila. Herufi hazitaonekana unapobandika, usishtuke. Tokeni huonyeshwa mara moja tu, kwa hiyo ihifadhi mahali salama. Wenye Windows mara nyingi hufunguliwa kivinjari na kuingia huko huko.

*Kaka, mimi niliweka README, sasa naambiwa rejected. (Kasulu)*

Huko GitHub kuna kitu ambacho mashine yako haina. Kivute kwanza: `git pull origin main --no-rebase --allow-unrelated-histories`, kisha pushi tena.

*Bando likikatika katikati je? (Uvinza)*

Repo haitaharibika, na komiti yako iko salama kwenye laptopu. Ila kupandisha kutaanza upya, hakuendelei kulipoishia. Ndiyo maana nasisitiza `.gitignore`. Na faili lolote linalozidi MB 100 GitHub hulikataa.

*Nimeshapandisha db.sqlite3 na nywila ya barua pepe, tena repo ni ya wazi. Nikifuta faili na kukomiti tena, si yameisha? (Mwanga)*

Hapana, dada. Komiti ya zamani bado inalo, na yeyote anaweza kuirudia. Anza na nywila: ibadilishe sasa hivi kabla ya jambo lolote, na uihesabu ile ya zamani kuwa imeshaonwa. Pili, futa repo hiyo GitHub. Tatu, kwa kuwa mradi bado mchanga, futa folda iliyofichika ya `.git` kwenye mashine yako na uanze tena hatua ya 1 na `.gitignore` sahihi. Utapoteza historia ya komiti, lakini msimbo wako hautaguswa. Halafu waambie wenye zile namba kwamba zilikaa wazi, wajihadhari na simu za matapeli.