Jinsi ya Kupima Rimoti kwa Kamera ya Simu
Rimoti ya televisheni ikigoma, usikimbilie kununua nyingine. Punguza mwanga chumbani, fungua kamera ya mbele ya simu, ielekezee rimoti, kisha bonyeza kitufe huku ukitazama kioo cha simu: kitaa kilicho ncha ya mbele ya rimoti kikimetameta kwa weupe au zambarau, ni kizima. Ndani ya kitaa hicho, elektroni (chembe ndogo za umeme) zinaposhuka ngazi ya nishati hutoa fotoni, yaani chembe za mwanga, zenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 940, ambazo jicho haliwezi kuziona, ingawa nishati yake yatosha kusisimua elektroni katika silikoni, yaani kitu kinachohisi mwanga ndani ya kamera, na hivyo kamera huziona. Kamera ya nyuma mara nyingi ina kichujio kinachozizuia, ndiyo maana nasisitiza ya mbele. Kitaa kisipowaka, badilisha betri kwanza, kisha safisha vyuma vinavyozigusa.