Ukimwandikia mtu hotuba, iandike kwa mdomo wake

Nyie mnaoombwa kuwaandikia watu hotuba za harusi sijui za kujitetea kazini, igeni ujanja wa Lysias, mwandishi wa hotuba wa Athens kule Ugiriki, miaka kama 400 kabla ya Kristo. Enzi hizo kule mawakili hamna, ukishtakiwa unasimama mwenyewe mbele ya mamia ya watu na muda unapimwa kwa maji yanayochuruzika kwenye chungu, kwa hiyo watu walikuwa wanamlipa awaandikie halafu wanaenda kuongea wenyewe. Na jamaa hakuwapa maneno mazito, kila mteja aliongea kama yeye. Kuna mteja wake mlemavu walitaka kumnyima posho yake ya oboli 1 (sarafu ndogo ya huko) kwa siku, eti mbona anapanda farasi, akajibu ningekuwa na hela si ningepanda nyumbu wangu (yule chotara wa punda na farasi) mwenye tandiko, hawa farasi wenyewe naazima! (Mimi hapo ningempa posho mara 2.)

Kwa hiyo kabla hujaandika chochote mwambie akuhadithie, rekodi hata dakika 5, tumia maneno yake hayo hayo na utani wake, halafu akusomee kwa sauti, anapokwama ujue hapo umeandika wewe, futa.