Kuokoa DVD ya Harusi: Jinsi ya Kunakili Diski za Video kwa Programu Huria

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kumbukumbu za harusi, maulidi, kipaimara na mazishi ya miaka ya 2000 zimelala ndani ya DVD zilizochomwa na mpiga video wa mtaani, zikatiwa katika kasha lenye picha ya maharusi na kukabidhiwa familia nakala mbili au tatu. Diski ya namna hiyo si sawa na ile ya kiwandani. Ya kiwandani hugongwa alama zake katika plastiki yenyewe, ilhali ya kuchomwa hutunza picha kwa leza kuunguza tabaka la rangi maalumu, na rangi hiyo huharibika polepole kwa joto, unyevu na jua. Ndiyo maana diski isiyo na mkwaruzo hata mmoja inaweza kugoma kusomwa baada ya miaka michache tu juu ya kabati la televisheni.

Mwongozo huu unahusu diski hizo, ambazo ni mali ya familia na hazina kufuli. Filamu za dukani aghalabu hufungwa kwa kufuli liitwalo CSS, ambalo sheria za hakimiliki za nchi nyingi zinakataza kulivunja, nami siligusi hapa.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuitia diski kwenye kompyuta na kuibadilisha moja kwa moja iwe MP4. Programu ya kubadilisha video, ikikutana na sehemu mbovu, hukwama au huiruka kimya kimya, nawe hutajua ni dakika ipi ya sherehe iliyopotea. Kazi ya kwanza iwe kuchukua taswira kamili ya diski, yaani faili moja la ISO lenye kila baiti iliyosomeka, na mengine yote yafanyike juu ya faili hilo huku diski imerudi kwenye kasha lake.

Kabla ya kuanza, futa diski kwa kitambaa laini na safi, kuanzia katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, wala si kwa kuzungusha. Hakikisha pia kwamba hadi diski (hard disk) ya nje au flashi utakayohifadhia haijaandaliwa kwa mfumo wa FAT32, kwa sababu mfumo huo haupokei faili linalozidi GB 4, na DVD iliyojaa hufika GB 4.7. Mfumo wa exFAT hauna kizuizi hicho. Jambo hili dogo limewapotezea watu jioni nzima, mimi nikiwemo.

Programu ninayoipendekeza ni GNU ddrescue, ambayo ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, na ya bure. Inafanya kazi vizuri zaidi katika mfumo endeshi wa Linux. Mwenye Windows anaweza kuiwasha kompyuta yake kwa flashi yenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, bila kugusa chochote kilichomo ndani. Katika Ubuntu na Debian kifurushi chake kinaitwa gddrescue. Fungua dirisha la amri (Terminal), uingie kwenye folda utakayohifadhia, kisha uandike:

sudo apt install gddrescue
sudo ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Hapa /dev/sr0 ni jina la kisoma diski katika kompyuta nyingi, na 2048 ni idadi ya baiti katika kila sekta ya DVD, yaani kipande kidogo kabisa kinachosomwa kwa pamoja. Alama ya -n inaiambia programu ichukue kwanza yaliyo rahisi na ising'ang'anie palipo pagumu. Diski nzima ikiwa nzuri, kazi humalizika kwa dakika kati ya 10 na 20. Ikibaki na mapengo, rudia hivi:

sudo ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Safari hii itarudi kwenye sekta mbovu peke yake na kuzijaribu mara tatu zaidi. Uwezo huo unatokana na faili la harusi.map, ambalo ni daftari la programu: humo imeandikwa kipi kimesomwa na kipi kimeshindikana. Usilifute mpaka umemaliza kabisa. Kwa kuwa daftari lipo, unaweza kukatiza kazi umeme unapokatika, ukaendelea kesho, au ukahamishia diski kwenye kisoma diski kingine na kutoa amri ile ile. Visoma diski hutofautiana sana, na sekta iliyokataliwa na kimoja mara nyingi husomwa na kingine bila shida.

Zile nakala mbili au tatu za mpiga video nazo zina faida hapa. Ikiwa zilichomwa kutoka faili moja, sekta zake zinalingana, hivyo ukimaliza ya kwanza unatia ya pili, unatoa amri ile ile kwa majina yale yale ya faili, na mapengo ya moja yanajazwa na nyingine. Omba basi nakala ya shangazi au ya upande wa bwana harusi kabla ya kukata tamaa. Lakini ikiwa nakala zilitengenezwa kwa nyakati tofauti, au moja ilihaririwa upya, usizichanganye. Kila moja iwe na faili lake.

Mapengo machache yakibaki, si msiba. DVD ya mfumo wa televisheni wa PAL, unaotumika kwetu, huonyesha picha 25 kwa sekunde na huanza na picha kamili mpya angalau kila baada ya picha 15, kwa hiyo pengo dogo huonekana kama mchirizi wa chini ya sekunde moja. Fungua ISO kwa VLC, programu ya kuchezea video, uitazame, hasa mwishoni: diski huandikwa kuanzia katikati kuelekea nje, na uharibifu mara nyingi huanzia ukingoni.

Sasa ndipo unapoweza kutengeneza faili la kutazamia kwenye simu. HandBrake, programu ya kubadilisha video ambayo nayo ni huria, hulifungua faili la ISO na kuorodhesha sehemu zake. Chagua iliyo ndefu kuliko zote, kisha mpangilio wa Fast 576p25. Picha zikionyesha mistari kama meno ya chanuo mtu anapocheza, washa kichujio cha Deinterlace. Kipimo cha ubora kiitwacho RF kikiwa kati ya 18 na 22 kinatosha, na usishawishike kukuza picha hadi 1080p, kwa maana diski ina pikseli 720 kwa 576 tu na ukuzaji huongeza ukubwa wa faili pasipo kuongeza uso wa mtu.

VCD haziokolewi kwa njia hii, kwa kuwa sekta zake za video zimepangwa tofauti na ISO ya kawaida haizibebi. Tumia vcdxrip, iliyomo katika GNU VCDImager, ambayo hutoa video yenyewe kama faili la MPEG.

Ukihamishia ISO kwenye hadi diski ya pili, endesha amri ya sha256sum, inayotoa alama ya utambulisho ya kila faili, kwa faili zote mbili. Herufi na tarakimu zikilingana, nakala ni sahihi. Hadi diski moja ikae nyumba nyingine, kwa ndugu unayemwamini. Na mama akitaka bado diski ya kutia kwenye deki yake, K3b, programu ya kuchoma diski katika Linux, itaichoma ISO hiyo kwenye DVD-R mpya. Chagua mwendo wa 4x na uwashe uhakiki baada ya kuchoma.