Mbegu ya ngano inayostahimili chumvi haiondoi chumvi shambani, soma hapa kabla hujanunua

Wakulima wenzangu, kuna swali naulizwa kila msimu, eti nimesikia kuna ngano haibridi inavumilia chumvi, nikiipanda kwenye lile eneo langu jeupe kwa chumvi itakubali? Na mimi huwa nauliza kwanza, umelipima hilo eneo? Maana wengi wanakimbilia mbegu wakidhani ni kama dawa, ukiipanda inakula chumvi na shamba linapona, na hapo ndipo hela inapopotelea.

Ngano haili chumvi. Ile inayostahimili inaikataa mlangoni, mzizi unavuta maji na kuiacha sodiamu nyuma (sodiamu ni ile sehemu ya chumvi inayoumiza mmea), na ile kidogo inayopenya ikiingia kwenye mirija ya kupandisha maji kuna seli za mzizi zinaidaka na kuitoa kabla haijafika kwenye jani. Sasa fikiria hiyo chumvi iliyokataliwa imeenda wapi, haijaenda popote, iko palepale pembeni ya mzizi, na kadiri mmea unavyokunywa maji ndivyo inavyozidi kujikusanya. Kwa hiyo mbegu nzuri inakupa nafasi ya kuvuna wakati unashughulikia udongo, kazi ya udongo haikuondokei.

Nenda shambani ung'oe shina moja kwenye sehemu iliyodumaa, angalia jani la chini kabisa, lile la zamani. Ncha imekauka na ukavu unashuka kwenye kingo, wakati majani machanga ya juu bado ni kijani, hiyo ni kwa sababu jani la zamani limepitisha maji kwa muda mrefu zaidi na sodiamu imebaki humo. Ila usihukumu kwa jani peke yake jamani, ukame nao unakausha ncha vilevile, jani linakupa wasiwasi tu, kipimo ndicho kinakupa jibu.

Sasa hizi nguvu za kuikataa chumvi zinatoka wapi. Ngano ya mkate ina kromosomu 42, ile ngumu ya kutengenezea tambi na makaroni ina 28, na tofauti yao ni kwamba ya mkate zamani ilichanganyika na nyasi pori inaitwa Aegilops tauschii ikapata seti ya tatu ya jeni. Kwenye hiyo seti, kromosomu ya 4D, kuna sehemu inaitwa Kna1 inayosaidia mmea kuchagua potasiamu na kuikataa sodiamu, ndo maana ngano ngumu kwa kawaida inajaza sodiamu kwenye majani kuliko ngano ya mkate. Watafiti wa Australia wakaipata kinga ya namna hiyo kwa ndugu mwingine wa zamani, Triticum monococcum, wakaihamishia kwenye ngano ngumu kwa kuzalisha kawaida tu, na mwaka 2012 wakatoa matokeo ya shambani kwamba kwenye udongo wa chumvi ngano yenye hiyo jeni ilivuna 25% zaidi ya ndugu yake pacha asiyekuwa nayo. Jeni moja tu hiyo! Mimi hii habari naipenda sana kwa sababu inaonyesha yale majani pori tunayoyapita bila kuyaangalia yamebeba nini.

Kuna ndugu wa mbali wagumu zaidi, kundi la nyasi za Thinopyrum. Thinopyrum bessarabicum inaota fukwe za Bahari Nyeusi kabisa, na walipoichanganya na ngano wakapata zao jipya wakaliita Tritipyrum, linavumilia chumvi kweli, ila suke lake linavunjika kirahisi na linachelewa kukomaa. Hiyo ndo shida ya pori, ukichukua jeni unayoitaka zinakuja na nyingine usizozitaka, na kuzichuja ni kazi ya miaka. China walifika mbali, Chuo Kikuu cha Shandong kiliunganisha seli za ngano na za Thinopyrum ponticum wakapata ngano inayovumilia chumvi, Shanrong 3. India nao wana Kharchia, mbegu ya asili ya wakulima wa Rajasthan, ndefu na punje zake nyekundu, na kutoka kwake kituo cha utafiti wa udongo wa chumvi cha Karnal kikazalisha KRL 1-4 na nyingine zilizofuata. Hiyo Kharchia haikutoka maabara, ilitunzwa na wakulima kwenye mashamba yao ya chumvi vizazi na vizazi.

Kwenye neno haibridi hapa watu wanachanganya mambo mawili. Shanrong 3 na KRL ni mbegu zilizotulia, ukivuna ukachagua masuke mazuri unaweza kupanda tena. Haibridi yenyewe, ile ya kizazi cha kwanza, inatengenezwa kwa kuwakutanisha wazazi wawili, mmoja amefanywa asitoe chavua, mara nyingi kwa njia ya Triticum timopheevii ambayo nayo ni ndugu wa ngano, na nguvu yake iko kwenye kizazi hicho kimoja. Ukitunza punje ukapanda mwaka unaofuata jeni zinagawanyika, shina hili linavumilia lile linakauka, urefu tofauti, kukomaa tofauti, na baadhi ya mashina hayatoi hata chavua ya kutosha. Na kingine, haibridi kukua kwa kasi haimaanishi inavumilia chumvi, muulize anayekuuzia wazazi wake ni akina nani na ilijaribiwa kwenye udongo wa kipimo gani, akikosa namba usinunue kwa ajili ya eneo la chumvi.

Tuje kwenye namba. Maabara wanapima udongo kwa desisiemensi kwa mita, yaani umeme unavyopita kwenye maji ya udongo, chumvi ikiwa nyingi namba inapanda, ukizidi 4 unaitwa udongo wa chumvi, na ngano ya mkate kwa wastani inaanza kupunguza mavuno ikizidi 6, kisha kila kipimo kimoja juu ya hapo unapoteza kama 7%. Yaani ukiwa na 8 umepoteza karibu 14%, ukiwa na 10 umepoteza zaidi ya robo. Chukua sampuli kwa kina, sentimita 0 hadi 15, 15 hadi 30, 30 hadi 60, na usichanganye udongo wa kwenye upara, pale mimea isipoota vizuri, na wa mahali pazuri, utapata wastani ambao haupo popote shambani kwako. Halafu uliza wamepima kwa njia gani, hizo namba ni za udongo uliolowekwa ukawa kama uji mzito, wakichanganya sehemu moja ya udongo na tano za maji namba inashuka sana na mtu anafurahi bure.

Kabla hujaanza kuosha shamba kwa maji fanya hiki kitu. Chukua kibonge kikavu cha udongo, saizi ya harage, kidondoshe taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge, ukiache masaa kadhaa. Kikizungukwa na wingu kama maziwa ujue sodiamu imeshika ule udongo na mfinyanzi unaachana, hapo unahitaji jipsamu, yale madini yenye kalsiamu, kalsiamu yake inaifukuza sodiamu ndo maji yapite. Usitumie maji ya chumvi kwenye hiyo glasi yatakudanganya, chumvi inashikilia udongo usisambae. Na ndo hivyohivyo shambani, udongo wenye chumvi na sodiamu kwa pamoja unaonekana mzuri tu mpaka uuoshe kwa maji matamu, halafu unaziba, kwa hiyo jipsamu inatangulia maji.

Kuosha kwenyewe, maji yenye kina cha sentimita 30 yakipita kwenye udongo wa sentimita 30 yanatoa takriban 80% ya chumvi, LAKINI lazima yawe na pa kwenda. Hapa ndo nawasisitizia wenzangu kuliko popote, bila mtaro wa kutoa maji acha kabisa, utapandisha maji ya chini na chumvi itarudi juu na nyongeza. Halafu shamba likituama mzizi unakosa hewa, na mzizi usio na hewa unashindwa kuikataa sodiamu, inaingia kwenye majani kwa wingi, hata uwe umenunua mbegu kali namna gani. Nimeona shamba la mbegu nzuri limekuwa njano ndani ya wiki moja baada ya maji kusimama, na mwenyewe analalamikia mbegu.

Kupanda sasa. Mwagilia vizuri kabla ya kupanda ili chumvi ishuke chini ya mbegu, kama unatumia matuta usipande kileleni maana maji yakipanda na kukauka chumvi inakusanyika hapohapo juu, panda ubavuni. Ongeza mbegu kama robo zaidi ya kawaida, kwa sababu kwenye chumvi zingine hazioti na zilizoota zinatoa machipukizi machache, hutayapata baadaye. Wiki za mwanzo ndo za hatari, idadi ya machipukizi na ukubwa wa suke vinaamuliwa mapema, usibane maji kipindi hicho. Mbolea igawe, usiiweke imegusana na mbegu, na ya potasiamu chagua ya salfeti badala ya kloraidi, kloraidi unaiongezea shamba tayari ipo ya kutosha. Tandaza mabua juu kama unayo.

Mbegu mpya usiitie shamba zima mwaka wa kwanza, panda mistari mirefu inayokatiza kutoka mahali pazuri hadi kwenye upara, pembeni weka mbegu yako ya kila siku, wiki ya tatu hesabu mimea kwenye mita moja ya mraba kila upande, ukivuna pima kilo na upime udongo tena palepale ulipochukua mwanzo. Namba ikiwa imepanda ujue maji yako hayaoshi vya kutosha.

Na pale penye 12 au 15 usilazimishe ngano. Shayiri inaanza kupungua ikifika 8 na hushuka taratibu zaidi, nayo ikigoma panda hiyohiyo Thinopyrum ponticum kama malisho, ni nyasi ya kudumu na mizizi inakwenda chini sana, ng'ombe wanaila vizuri, ila ikate au uilishe kabla mashina hayajakomaa maana yakishakuwa magumu wanayaacha.